Bibi Aliyeomba Kumbeba Aganze

Jioni moja ya Januari mimi na wifi yangu Rosine tulikuwa tunatoka kununua ndizi na samaki mtaa wa Sparkbrook, huku ughaibuni. Mwanawe Aganze alikuwa mgongoni, nepi imejaa, basi halionekani. Kwenye kona kulikuwa na makumbusho ya mchoraji mmoja Mzungu, marehemu, aliyepata jina kwa kuchora maisha ya mpakani, kule Kongo inapopakana na Uganda, enzi za wapagazi. Kuingia bure. Picha zake sikuwa na haja nazo. Nilitaka choo chenye maji ya moto.

Tulipomaliza tukapita ukumbini. Palikuwa na picha kubwa ya wapagazi, na mbele yao mwanamke aliyejifunga mbeleko tupu. Kwenye benchi chini yake alikaa bibi mmoja wa kitenge, peke yake.

"Leta mutoto nimubebe kidogo," alinong'ona. "Mugongo inamutamani."

Kwetu Bukavu, mzee akinyoosha mikono humnyimi mtoto. Kumnyima ni kumwita mchawi usoni. Rosine akampa.

Harufu ya rangi mbichi ikanikaba...

Bibi alimrudisha upesi, akaondoka bila kuaga. Rosine alimpokea, akaganda.

"Annonciata. Mutoto iko moto."

Nje barafu, lakini mtoto alichoma kama sufuria. Sura ya Aganze, sweta ya Aganze. Ila masikioni vumbi jekundu, na midomo imepasuka kwa jua. Alitutazama kimya.

"Huyu haiko wangu."

Ndipo tukasikia.

Ndani ya ukuta, nyuma ya picha, Aganze analia.

Mlinzi alikuja na funguo: Manubhai, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Alisikiliza wala hakushangaa. Nilimchukia kwa hilo.

"Mmempa yule mama wa pichani," alisema polepole. "Mzungu alikuwa anamchora. Mtoto analia, mama anatingishika. Basi akaamuru mtoto awekwe juani mpaka picha iishe. Iliisha jioni."

"Wangu atarudi namna gani?" Rosine aliuliza.

"Weka huyu chini. Msimguse. Atalia. Akinyamaza kabisa, wenu anarudi. Mama mmoja alifanya hivyo, mimi niliona."

"Na huyu?"

Manubhai akaelekeza sakafuni kwa funguo.

Rosine akamlaza sakafuni. Nilimwomba Mungu mtoto yule afe haraka. Ndiyo, niliomba.

Mtoto akafungua mdomo...

Alilia, mikono akimnyooshea Rosine. Ukutani Aganze naye akazidi. Maziwa yakamtoka Rosine, yakalowesha blauzi. Alijiziba masikio, akavumilia, akavumilia.

Kisha akainama.

Akamwinua. Akampa ziwa.

Ukutani Aganze aliendelea kulia mpaka Manubhai alipozima taa na kututoa nje.

Sasa tuko nyumbani Saltley. Kaka yangu akitoka kazini humrusha mtoto juu, anasema amenenepa. Rosine hunitazama nami nainamisha macho. Jana mezani kaka alimshukuru Mungu kwamba mwanawe, hatimaye, ameacha kulia usiku.