Kaseti Haionyeshi Mkono

"Hendrix, Papa. Hakuna mwingine."

Nilifumba macho. Emery, mchumba wangu, nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: Papa akikuuliza ni nani aliyewapita wote kwa gitaa, sema B.B. King, kunywa bia yako, nyamaza. Akaniapia. Na sasa yuko sebuleni kwetu Kimanga, siku ya kujitambulisha kwa wakwe, kavaa shati jeupe, mjomba wake Pierre kando yake, anataka kuniharibia harusi kwa ajili ya marehemu wa Amerika.

Papa yangu, mzee Damien Hatungimana, aliweka glasi mezani polepole.

"Hendrix? Ule wa kuchoma gitare na moto?"

"Ule ule, Papa."

"Kijana, gitare haiko kuni. Minye nilikuwa Kinshasa mu sabini na ine. Nilimuona B.B. na macho yangu mbili. Alipiga noti moja, moja tu, akaiacha itetemeke, nikalia mbele ya bantu. Hendrix yako alipiga noti mingi juu ya kukosa ile moja ya muzuri!"

Mjomba Pierre akacheka kwa adabu. Na mimi nikacheka, kwa nguvu kupita kiasi. Mama yangu, Bernardine, akaleta bia nyingine. Nikasema moyoni, Mungu wangu, liishie hapo.

Halikuishia. Niliona macho ya Emery yamewaka, na mimi macho hayo nayajua.

"Papa, na heshima yote. B.B. aliongea na gitare, sawa. Lakini Hendrix aliifanya iseme vitu yenyewe haikujua! Na aliigeuza, Papa! Gitare ya bantu ba kuume, akaigeuza kichwa chini, akapiga na kushoto!"

Mkono wake wa kuume ulikuwa hewani, umeshika shingo ya gitaa lisiloonekana. Kwa ule wa kushoto akanyakua chupa, akamjazia Papa glasi, akaiinua na kumpa.

Kwa mkono wa kushoto. Peke yake.

Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua: mkubwa unampa kwa kuume, na wa kushoto unashika kiwiko. Ukimpa kwa kushoto umemwambia wewe si mtu kwangu. Mama akajishika mdomo. Mjomba Pierre akawa anaangalia viatu vyake.

Papa hakuipokea ile glasi.

"Jolie, ni muntu gani uliniletea?"

"Papa, alijisahau tu..."

"Mu nyumba yangu? Mbele ya bibi yangu?" Akasimama. "Pierre, muende salama. Hatuna binti wa kuoesha."

Jioni hiyo simu yangu haikutulia.

*Cherie nisamehe. Sikuona mukono, niliona gitare.*

Nikamjibu: *Basi uoe gitare.*

*Usiseme vile. Papa anasema nini?*

*Anasema hana binti.*

Halafu nikalia mpaka nikachoka, kwa sababu nampenda yule mjinga. Nampenda na gitaa lake na kelele zake zote.

Kuna jambo ambalo Papa hakulijua. Emery alizaliwa hivyo, mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Shuleni kwao Kiringye, kwenye bonde la Ruzizi, mwalimu alikuwa akimfunga mkono huo kwa kamba ili aandike kwa kuume. Nyumbani wakamwambia una mkono mbaya. Siku moja mtu akamwonyesha picha ya Hendrix, gitaa limegeuzwa, mkono wa kushoto uko juu ya nyuzi, na Emery akajua kwamba hakuumbwa vibaya. Unafikiri ataacha kumtetea mtu kama huyo kwa sababu ya bia?

Kesho yake nikamweleza Papa yote hayo. Alikuwa chumbani na kaseti zake. Ziwa lilipopanda na kuingia nyumba yetu ya zamani kule Kilibula, Papa aliokoa kaseti kwanza, magodoro baadaye. Mama hajamsamehe hadi leo.

"Kamba?" akauliza.

"Kamba, Papa. Mutoto mudogo."

Akageuzageuza kaseti mkononi. "Ile haikuwa muzuri. Lakini heshima ni heshima. Apige gitare hata na miguu, muzee anamupa na kuume."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Ni hapana. Kaa chini, usikie huyu."

Akabonyeza redio yake. Gitaa likatoka, zito, linalia kama mtu anayejua kwa nini analia. Papa akafumba macho. Hiyo ndiyo kaseti anayoiweka akiwa na huzuni, tangu nikiwa mdogo.

"Huyu naye ni nani?"

"Albert King. Haiko ndugu ya B.B., ni jina tu. Kisha ya B.B. ni yeye. Sikia vile anavuta kamba ya gitare. Hakuna muntu anavuta vile, minye nilijaribu mpaka vidole vikatoka damu."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda hasira tu. Nikachukua simu, nikaandika jina hilo, nikafungua video ya kwanza iliyotokea. Mzee mnene, suti, gitaa lenye pembe kama mshale. Nikatazama mikono yake. Nikatazama tena.

"Papa, fungua macho."

"Acha, gitare iko kwa solo."

"Papa! Angalia mukono."

Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na pua.

"Telefone yako iko inageuza picha."

Nikamfungulia video nyingine. Halafu picha. Halafu picha nyingine. Kote ni kushoto. Gitaa la watu wa kuume, limegeuzwa kichwa chini, na mzee anavuta nyuzi kwenda chini mahali wengine wote wanasukuma juu.

Papa aliketi kitandani, simu mkononi. Kaseti ikaendelea kulia.

"Ndiyo maana," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana minye sikuweza. Miaka yote namusikia huyu muntu, namupenda, na sikujua ni mukono gani."

"Kaseti haionyeshi mkono, Papa."

Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mupigie ule kijana."

Emery alipokea simu kabla haijalia mara mbili. "Cherie, ananitukana?"

"Panda moto, pikipiki yoyote, ukuje. Sasa."

Alifika na vumbi la njia yote ya bonde la Ruzizi kichwani. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akainama, mkono wa kuume mbele, wa kushoto umeshika kiwiko.

"Papa, nilikukosea. Ninaomba rusa ya kukuomba musamaha."

Papa alitoa gitaa lake ukutani, lile ambalo hata mimi sikuruhusiwa kuligusa, akampa.

"Geuza. Piga."

"Papa, ni ya kuume..."

"Nilisema geuza!"

Emery akaligeuza. Mwanzoni noti mbili zikamponyoka. Halafu akavuta uzi mmoja kwenda chini, akauacha utetemeke, hana haraka. Noti moja tu. Nikamwona Papa anafumba macho.

Ilipokwisha, Papa akamimina bia, akamnyooshea. Emery akasita, akaitazama mikono yake, halafu akapokea kwa yote miwili.

"Pierre arudi Jumamosi," Papa akasema. "Tuzungumuze mambo ya harusi. Lakini kwanza unijibu. Nani mukubwa wa bote?"

Nikamfinya Emery mgongoni. Nikamfinya kweli kweli. Akauondoa mkono wangu.

"Papa, unisamehe tena. Hendrix."

Papa akamtazama, halafu akapasuka kwa kicheko mpaka bia ikamwagika.

"Muzuri! Ungesema B.B. leo, ningejua unatafuta bibi tu. Muntu wa kumukana rafiki yake juu ya harusi, kesho atamukana Jolie."

"Lakini B.B. pia..."

"Nyamaza, usiharibu!"

Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Harufu ya samaki wa mikeke wa kukaanga ikaingia, na sauti ya Mama ikatoka jikoni, imechoka na wanaume wote wa dunia:

"Damien! Weye na mukwe wako, muache kelele, mukuje mukule!"

Nikamtazama Papa. Neno hilo la mkwe alilisikia vizuri. Akanyanyuka, akamshika Emery mkono wa kushoto, akampeleka mezani.