Nyumba ya Mlango Mmoja

Jua lilikuwa linazama upande wa Sake wakati Kanyere alipokuwa akipanda kutoka ziwani, bidoni ya maji mgongoni, kamba yake imembana paji la uso. Mabomba ya Keshero, mtaa wake, yalikuwa yamekauka tangu mlima utapike moto. Nusu ya Goma ilikuwa barabarani. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba moto mwingine umetambaa chini ya mji, na ingawa mtaa wao haukuamriwa kuhama, nani angelala kwa amani kwenye ardhi inayotetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza inzi?

Watu walipita na magodoro vichwani. Chukudu, zile pikipiki za mbao za kusukuma mizigo, zilipita zimejaa masufuria na mbuzi waliofungwa miguu. Hakuna aliyeongea kwa sauti.

Mtu mmoja tu hakubeba kitu.

Alisimama kando ya ukuta wa mawe meusi, amevaa koti refu, anazitazama nyumba moja baada ya nyingine. Kanyere alipomfikia alimsalimia kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Kwako kuko milango ngapi?"

Wiki ile watu waliulizana mambo mengi ya ajabu. Kanyere alijibu bila kufikiri. "Mbili, papa. Ya mbele na ya jikoni."

"Iko vizuri," mtu yule akasema polepole. "Iko vizuri sana."

Kanyere akaendelea na njia yake. Hakusikia hatua nyuma yake, lakini harufu ilimfuata. Haikuwa ile harufu ya kiberiti ya mlima, ambayo kila mtu alikuwa ameshaizoea. Ilikuwa harufu ya nyumba iliyoungua kisha ikanyeshewa.

Nyumbani walikuwa wanamngoja rafiki zake. Umutesi, muuguzi, alikuwa amemaliza zamu hospitalini na hakutaka kukaa peke yake. Aubin, binamu yake Kanyere, dereva wa pikipiki, alikuwa ametoka kuwafikisha wazee wao Sake, akarudi kulinda nyumba pamoja naye. Wote watatu walikuwa wameogopa mchana kutwa, na walipochoka kuogopa walikubaliana kufanya kile walichokifanya kila Jumamosi. Kucheza.

Ulikuwa mchezo wa mezani, wa kusimuliana. Kila mmoja alijitwalia mtu wa kubuni, huyu mpiganaji, yule mlozi, na Kanyere ndiye aliyekuwa mwenye meza. Yeye alibuni nchi, mapango, majitu na mazimwi. Kete zenye pande nyingi ziliamua nani amepiga na nani amepigwa, namba ndogo kabisa ikiwa ya kushindwa. Kanyere alifundisha hesabu shuleni, na katika mchezo huu kipaji chake kilikuwa kupima mapambano. Adui akiwa mnyonge, wachezaji wanapiga miayo. Akizidi nguvu, wanakata tamaa na kuzitupa kete. Kwa hiyo alipima. Alitazama nyuso zao, akapunguza zimwi hapa, akaongeza daraja bovu pale, na kila mara aliwaachia pa kutokea. Hakuna mtu aliyewahi kufia mezani kwake bila kupewa nafasi ya kupigana.

Walikuwa ndio kwanza wamekaa, taa ya simu imeegemezwa kwenye kikombe, wakati mlango wa mbele ulipofunguka.

Hakuna aliyekuwa amesikia hodi.

"Nilisikia humu kuko mutu anajua kupima vita," alisema mtu wa koti refu.

Kanyere alimtambua yule wa barabarani, akadhani Aubin anamfahamu. Aubin alidhani ni mgonjwa wa Umutesi. Umutesi alidhani ni mzee wa mtaa. Basi wakasogeza viti, wakampa nafasi, maana wiki ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza msafiri.

"Ni muchezo tu, papa," Kanyere alimwambia.

"Najua. Na mimi nataka kucheza." Akaketi. "Jina ni Habarurema."

Aubin akacheka kidogo. "Utakuwa nani, muzee? Mupiganaji? Mulozi?"

"Baba wa watoto."

"Na silaha?"

"Panga ya kukata kuni."

Kanyere alitabasamu. Alikuwa amekutana na wachezaji wa kila namna. Akamuuliza huyo baba anaishi wapi, naye Habarurema akasema ni kijijini, upande wa mji wa Kiwanja, nyumba ya udongo, mlango mmoja. Akamwomba Umutesi awe mke wake. Akamwomba Aubin awe mdogo wake. Aliomba kwa upole, na wote wawili wakakubali.

"Na adui?" Kanyere aliuliza.

"Wewe unajua kupima. Pima."

Akapima. Mkulima mmoja, mwanamke mmoja, kijana mmoja, panga moja. Adui wawili wangetosha, tena wawe wamechoka na safari. Akasafisha koo, akaanza kwa sauti yake ya kusimulia. "Giza limeingia. Mulangoni kumefika watu wawili."

"Walikuwa wengi," Habarurema alisema bila ukali. "Lakini tuanze na wawili."

Akarusha kete. Ikabingirika, ikasimama.

Moja.

Akarusha tena. Moja. Umutesi akarusha. Moja. Ardhi ikatetemeka, vijiko vikalia kabatini, vikanyamaza. Aubin akarusha kwa nguvu mpaka kete ikagonga kikombe.

Moja.

Kanyere alifanya kama alivyozoea kufanya wachezaji wakielemewa. Alidanganya. "Nimeona vibaya," alisema akiinyakua kete. "Hiyo ilikuwa kumi na saba. Umemupiga, papa, ameanguka."

Kidole cha Habarurema kilitua juu ya mkono wake. Kilikuwa baridi kama jiwe la ziwani.

"Hapana, mama. Soma kile kiko."

Akaufungua mkono. Moja.

Basi akatafuta pa kutokea. "Nyuma kuko dirisha," alisema. "Dogo, lakini mutu anaweza kupita."

"Tulipita hapo," Habarurema alijibu. "Walikuwa wanatungojea."

Tabasamu likamtoka Aubin usoni.

Kanyere alijua sasa kwamba huu si mchezo. Alijua pia kwamba hawezi kunyamaza. Kila aliponyamaza, harufu ile ya majivu mabichi ilizidi, na pumzi ya Umutesi ikawa fupi zaidi. Akaleta mvua kubwa ili watu wale wasione mbele. Habarurema akasema mvua ilikuwepo. Akaleta majirani wenye marungu. Habarurema akasema majirani ndio walioanza kufikiwa. Akaleta askari, gari zima la askari, taa zake zinamulika bondeni.

"Walifika," Habarurema alisema. "Kesho yake."

"Papa, tuache. Naomba tuache. Muchezo umekwisha."

"Kwako."

Ndipo Umutesi akasema, kwa sauti isiyo yake, sauti nyembamba ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Nsengimana amelala?"

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo.

"Mufunike," Umutesi aliendelea. "Muzibe mudomo, asilie." Mikono yake ilikuwa imekumbatia kitu kisichokuwepo, na kwenye kucha zake, zile kucha za muuguzi zilizosuguliwa kwa sabuni kutwa nzima, kulikuwa na udongo mwekundu. Keshero hakuna udongo mwekundu. Keshero ni mawe meusi tu.

Aubin akasimama. Macho yake yalimpita Kanyere kana kwamba hayupo.

"Naenda kuita watu," alisema.

"Aubin! Kaa!"

Akatoka kwa mlango wa jikoni, miguu mitupu. Kanyere alisikia hatua zake zikikimbia juu ya mawe, kisha hakuzisikia tena.

"Hakurudi," Habarurema alieleza. Akaichukua kete, akaiweka taratibu mbele ya Umutesi. "Sasa ni zamu ya mama watoto."

Umutesi alinyoosha mkono.

Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kanyere alijaribu kuinuka akamshike, lakini miguu haikumtii. Alikaa pale kama mtu aliyepigiliwa misumari kwenye kiti. Alichobakiwa nacho ni mdomo. Na mwenye meza anaruhusiwa kitu kimoja ambacho hakuna mchezaji anayeruhusiwa: kuibadili hadithi yenyewe.

"Hawakuja," alisema.

Mkono wa Umutesi ukasimama hewani.

"Nani?" Habarurema aliuliza.

"Wale watu. Walifika kwenye njia panda, wakapita njia ingine. Hawakufika kwako, papa. Mulilala. Asubui mukaamka, watoto wakaomba uji."

Mabega ya Habarurema yalishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Umutesi akavuta pumzi kwa kelele, kama anayeibuka majini, akaangusha kichwa mezani. Kanyere akaanza kulia kwa shukrani.

"Basi walienda kwa nani?"

Kanyere akainua uso. "Nini, papa?"

"Walikuwa njiani. Na panga zao. Kama hawakufika kwangu, walienda kwa nani?"

"Sijui."

"Wewe ndiye unapanga."

"Sijui, papa! Sijui!"

Habarurema akasimama. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa, kama mtu aliyetendewa wema mkubwa. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele.

Safari hii Kanyere alisikia hatua.

Hazikuwa za mtu mmoja.

Zilipita kwenye uzio wake, viatu vizito na miguu mitupu, nyingi, bila haraka. Hazikusimama kwake. Zilisimama nyumba ya pili, kwa Mama Marie-Claire, ambaye alikuwa amebaki na mume wake Védaste kwa sababu kitinda mimba wao alikuwa na homa na hawakutaka kumlaza barabarani.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Ni nani?" ilisikika sauti ya Mama Marie-Claire, tulivu, ya mwanamke aliye jikoni anafuta mikono.

Kanyere akafungua mdomo apige kelele. Usifungue. Neno moja tu. Hewa ilitoka, sauti haikutoka. Alijaribu tena. Akajaribu tena.

Komeo likainuliwa.

Baada ya hapo hakukuwa na kelele. Hakukuwa na kilio, wala kishindo. Hakukuwa na kitu chochote. Ni hicho ambacho Kanyere hajawahi kumaliza kumweleza mtu.

Palipopambazuka, Aubin alipatikana ameketi kando ya ziwa, nyayo zimechanwa na mawe. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba aligonga milango ya watu na hakuna hata mmoja aliyemfungulia. Aliapa kwa jina la mama yake. Umutesi aliamka na kichwa kinachomuuma, kucha zake safi. Alimsikiliza Kanyere bila kumkatiza, kisha akasema, kama muuguzi, kwamba ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini mlima ukitikisika. Inalaza mbuzi, inaua watoto mabondeni, na mtu mzima akiivuta kidogo anaona mambo. Alisema aliyegonga kwa majirani alikuwa Aubin.

"Lakini Mama Marie-Claire alifungua," Kanyere alisema.

Umutesi akatangulia kutoka.

Walikwenda kutazama. Mlango ulikuwa wazi. Maharage yalikuwa kwenye sufuria, yameiva. Kitanda cha mtoto kilikuwa na kitambaa chenye unyevu, kile cha kumpoza homa. Viatu vya wote, vikubwa na vidogo, vilikuwa vimepangwa ukutani. Kama ni mazuku, tungewakuta wamelala, Kanyere alifikiri. Mazuku haibebi watu. Mkuu wa mtaa alikuja, akachungulia, akasema wamehama na wengine kwenda Sake. Watu wote walikuwa wanahama. Wangerudi.

Wiki zikapita, ardhi ikatulia, watu wakarudi. Magodoro yakarudi vichwani, mbuzi wakarudi kwenye chukudu. Shule zikafunguliwa. Aubin alihamia Bukavu, na Umutesi akaanza kuomba zamu za jioni hospitalini, akisema kule kuna watu wengi.

Jioni moja kijana alipiga hodi kwa Kanyere. Ilimchukua muda kumfungulia. Alikuwa Benny, mdogo wake Védaste, ametoka Butembo. Alikuwa amezunguka Sake, Minova, mpaka Rumangabo, kila mahali walipopokewa wakimbizi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Dada, wewe ni jirani. Ile siku haukusikia kitu?"

Kanyere aliutazama uso ule. Alikuwa na neno, lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini angeanzia wapi?

"Sikusikia kitu," alisema.

Benny akaitikia kwa kichwa. "Asante, dada. Sasa nitakaa humu mwao, niwangojee." Akainua begi lake. "Na mulango sitafunga. Wakirudi magaribi, wasisumbuke kugonga."

Alivuka uzio, akaingia, akawasha taa. Kanyere alisimama kizingitini mwake, akatega sikio mpaka taa ile ikazimwa. Komeo halikusikika.