Mgeni wa Shamba la Shayiri

Nyumba ya Gentille huko Cheektowaga, ughaibuni, ilianza kunuka majani mabichi yaliyokatwa, na huo ulikuwa mwezi wa Januari, theluji imefika dirishani. Alinusa friji, akanusa pipa la taka, akainamia hata viatu vya binti yake Alliance. Harufu ilitoka ukutani, kwenye picha.

Picha hiyo aliachiwa na bibi mzee wa Kifini ambaye yeye alimtunza kwa mshahara kule Tonawanda mpaka bibi akafa, na kukataa zawadi ya marehemu aliona vibaya. Ilionyesha kijijini kwa yule bibi: shamba la shayiri, uzio wa mbao, njia ya udongo iendayo kwenye nyumba ya kijivu kando ya ziwa. Mchoraji alikuwa fundi hasa, masuke ungeweza kuyahesabu. Mtu hakumweka hata mmoja.

Kisha zikaja nyayo za udongo, za mtu mzima asiye na viatu, kutoka ukutani mpaka kitandani kwa Alliance.

"Nani aliingia humu?" Gentille aliuliza.

"Ule mama wa mu picha," Alliance alinong'ona. Alikuwa na miaka sita. "Watoto wake walikufaka. Anasema kule kwake kitanda kimoja kiko wazi."

"Usimujibu tena. Unasikia?"

"Lakini iko mgeni, mama."

Gentille hakuwa na mtoto mwingine. Alijaribu kuing'oa picha, ikashika ukuta kama jino la gego. Ndipo akampigia simu pasta Zéphyrin.

Pasta alikuja Jumamosi mchana pamoja na mama Béatrice wa kikundi cha maombi. Wakaomba, na kadiri walivyoomba harufu ya majani ikazidi, ikageuka harufu ya tope la ziwa, mbao za sakafu zikalia moja baada ya nyingine kana kwamba mtu mzito anapita katikati yao bila haraka, akimgusa kila mmoja begani kwa mkono wa baridi, mpaka mlio ukafika ukutani, ukanyamaza.

"Bon, anaenda," pasta alisema, akijifuta jasho.

Gentille alilia kwa furaha. Kwao mgeni haondoki peke yake, hivyo akawasindikiza wote wawili mpaka kwenye gari. Walikuwa wakiagana pale Alliance alipoita kutoka mlangoni, "Mama, na mimi nasindikiza wangu!"

"Ndiyo, mama. Fanya mbio urudi," Gentille alijibu, akimsifu moyoni kwa adabu.

Kisha akaelewa alichojibu. Akakimbia.

Sebule ilikuwa tupu. Kwenye picha, katika njia ya udongo, mwanamke alikuwa amemshika mkono mtoto mwenye soksi nyekundu. Gentille alipapasa, akakuta rangi kavu tu.

"Msindikizaji anafikaka nusu ya njia, halafu anarudi," alimnong'oneza Béatrice, aliyekuwa amemfuata ndani. "Si atarudi?"

Béatrice alitazama picha. Nusu ya njia wale wawili walikwisha kuipita.