Mwanga wa Mshtarii Hautulii

Siku hiyo binti yangu alikula wima. Alitafuna, akaenda dirishani, akarudi kutazama picha mezani, akaenda tena.

"Kaa, mama. Utatoboa sakafu."

"Baba, Ijumaa ndiyo mwisho. Picha zisipoeleweka, mkataba wangu hawautii sahihi."

Kazi yake ni kupanga picha za Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua. Kwenye ncha yake kuna mwanga kama pete. Wakubwa wa ofisi yake walimwagiza achanganye picha kumi ziwe moja, ipendeze. Kila akichanganya, inatoka ukungu mtupu. Sasa lawama zote zake. Wakubwa ndivyo walivyo. Mama yake alikufa wodini tukingoja sahihi ya mkubwa aliyekwenda semina.

"Kesho nakwenda ofisini kwao mwenyewe," nikasema.

"Ukawachomelee mlango?"

Huyo ni jirani yetu, fundi wa kamera, tunamwita Mama Lenzi. Alikuwa ameshaingia, picha kashika.

"Shemeji, ukichomelea vyuma unavaa kinyago cha nini?"

"Mwanga ule unaunguza macho."

"Huo unaounguza, unauona?"

"Siuoni. Nausikia baadaye, macho kama yametiwa mchanga."

"Unaitwa urujuanimno. Na huu wa Mshtarii ni wa namna hiyohiyo. Chembe ndogo zenye umeme zinaongozwa na sumaku ya sayari mpaka kwenye ncha. Zinagonga gesi ya juu, gesi inawaka. Jicho halioni. Kamera maalumu ndiyo inaona, na kompyuta inatutilia rangi."

"Na ukungu?" binti akauliza.

"Ukungu umeutengeneza wewe, mwanangu. Mwanga huu hautulii. Sasa hivi unalipuka, dakika chache baadaye umefifia. Ukichanganya picha kumi unapata nini? Zipange kwa saa, moja moja."

Nikafunga waya karakana yangu nzima. Tukazitundika kwa vibanio vya nguo, kila picha na dakika yake. Ya kwanza, pete nyembamba. Ya pili, doa. Ya tatu, doa limewaka limemeza upande mzima wa pete. Ya tano, hakuna kitu.

Binti yangu akazifuata kwa kidole, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nilikuwa naufuta," akasema. "Wanaoutafuta ndio huu, na mimi nilikuwa naufuta."

"Kwa agizo lao," nikasema.

Ijumaa alizipeleka hivyohivyo, zimefuatana. Aliporudi nilikuwa nimeshatoka nje mara nne kumchungulia.

"Mkataba wa mwaka mzima, Baba. Mkubwa ametia sahihi."

"Kakuomba radhi?"

"Aliwaita wenzake akawaambia yeye alijua tangu mwanzo kuwa mwanga ule unabadilika haraka."

Damu ikanipanda. "Na wewe ukanyamaza?"

"Nilimpa karatasi ya pili. Agizo jipya la ofisi: picha za ncha zisichanganywe, kila moja iandikwe dakika yake."

"Akaisoma?"

"Hakuisoma, alitia sahihi tu. Alikuwa bado anajisifu."