Gari Lililoguswa na Mkono Mwingine

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika siku ile, magari yamebanana mpaka barabarani na honi zinalia, likaingia gari jeupe likifuka moshi wa buluu. Watu wakakohoa, wakapandisha vioo. Kinyaa akashuka garini mwake, pua kaiziba kwa ncha ya mtandio, akaenda kumgongea dereva kioo.

Jina la Kinyaa alibandikwa gerejini kwa mjomba wake, alikojifunzia ufundi, maana hakuna uchafu uliompita asiusonye. Ajabu ya Mungu, binti wa namna hiyo akachagua kazi ya kushinda kwenye grisi! Mwenyewe alisema injini chafu humkera hadi aisafishe ndipo apate usingizi.

Dereva alikuwa mfamasia, shati limepigwa pasi likanyooka, kanukia vizuri katikati ya uvundo wa gari lake. Akaitazama ovaroli ya buluu aliyovaa Kinyaa, akautazama uso, akasahau kuzima injini.

"Dada, unaumwa kifua?"

"Mgonjwa ni gari lako, kaka. Linakunywa oili. Zima, unatuua."

Kesho yake mfamasia akalipeleka gerejini kwa mjomba. Alieleza kwamba kila fundi aliyemwona amemwambia turbo imekufa, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Kinyaa hakukubali kuzika mtu ambaye hajampima mapigo. Aliutikisa mhimili wa turbo, akaukuta imara. Akapima oili inayoingia, ikawa na nguvu ya kutosha. Basi tatizo liko kwenye kutoka, akamwambia. Oili huingia kwenye turbo kwa kusukumwa na pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikitiririka chini kwenye paipu ya kurudishia. Ikizuiwa huko chini, hupenya pembeni na kuungua, ndio huo moshi.

Akaifungua paipu ya kurudishia, akaikuta safi, akairudisha. Uliokuwa umeziba ni mpira wa kupumulia wa injini, unaotoa hewa ya ndani. Ndani yake mlijaa ute wa rangi ya maziwa yaliyoganda, unanuka kama yai viza, na hewa iliyokosa pa kutokea ilikuwa ikiizuia oili isishuke. Kinyaa aliukokota ule uchafu kwa waya huku akitema mate. Mfamasia alikuwa amemshikia tochi, macho yanamtoka machozi, lakini hakusogea hata hatua moja. Hapo ndipo moyo wa binti ulipotekwa.

Moshi ukakatika, simu zikaanza. Asubuhi mfamasia atapiga kumuuliza "daktari wa vyuma" kaamkaje, jioni atapiga kusema amesahau alichotaka kusema asubuhi. Kinyaa alimwambia dawa ya ugonjwa huo haiuzwi dukani kwake. Mwisho mfamasia akamwomba Jumamosi wakamwone mama yake, na Kinyaa akaenda kushona gauni la kijani, la mikono mirefu ya kuficha makovu ya bomba la moshi.

Alhamisi, gari likaanza tena kufuka. Mfamasia akaliacha gerejini, akawahi kazini, uso kaukwepesha. Kinyaa akaifungua ile paipu ya kurudishia, na mate yakamjaa mdomoni. Silikoni! Ile gundi ya kijivu ilikuwa imepakwa kiungo kizima, ikafinywa ndani ikaning'inia kama kamasi la mtoto, imeziba njia. Kwa mjomba wake silikoni kwenye paipu za turbo ni mwiko, hata mfagiaji anajua. Mkono mwingine ulikuwa umeligusa gari hili.

Akapiga simu. "Umelipeleka kwa fundi gani?"

"Sijalipeleka popote, mpenzi."

"Muongo mkubwa."

Akakata. Heri angemfumania na mwanamke, maana huyo angemvuta nywele. Lakini kumchekea usoni, kisha kwenda kumwinamisha mtu mwingine chini ya gari alilolitibu yeye! Mjomba akamwambia wateja ndivyo walivyo, akajibiwa kwamba yule hakuwa mteja. Simu ikalia mpaka ikachoka. Gauni akamwambia fundi cherehani alisimamishe.

Akarudi kukwangua ile takataka kwa hasira, na ndani yake akakuta nyuzi za pamba. Mafundi hufutia matambara. Pamba nyeupe laini namna hii hutoka duka la dawa. Alikuwa bado kaishika alipoinua macho, akamwona mfamasia mwenyewe kasimama mlangoni.

"Ni wewe uliyepaka?" akamuuliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Mfamasia akaionyesha ile paipu kwa kidole. Alisema aliona oili imedondoka sakafuni nyumbani kwake, akachungulia, akakuta inatoka kwenye kiungo kile.

"Ulichokifunga wewe," akamalizia taratibu. "Ulivyokuwa unajivunia ile kazi, ningeanzia wapi kukwambia inavuja? Nikaona nikifungue nikizibe mwenyewe, usijue."

Kinyaa akakumbuka. Siku ile alipoifungua paipu aliirudishia gasketi ileile ya zamani, kile kipande cha kuzuia maungio yasivuje, iliyokwisha kulaliwa ikabonyea, kwa sababu mpya zilikuwa stoo na yeye hakutaka kuondoka karibu na ile tochi. Naye ndiye anayewakaripia wenzake kwamba gasketi ya zamani hairudi. Kinyaa kikamgeukia mwenyewe.

"Silikoni ni yako, lakini uvujaji ni wangu," alisema. "Nimekutukana bure. Nisamehe."

"Yameisha."

"Hayajaisha. Mimi siwezi kuishi na mtu anayenifunikia makosa. Nikiharibu niambie, hata kama nitanuna wiki nzima. Nikiwa nanuka, niambie nanuka."

Mfamasia akamsogelea, akavuta pumzi ndefu.

"Unanuka," akasema. "Oili iliyoungua, na jasho, na kitu kingine sikijui, lakini kinatisha."

Kinyaa akamtazama usoni, akitafuta kama kuna uwongo.

"Na utanioa hivihivi?"

"Nimekuja kukuomba hivyo."

"Basi Jumamosi twende," akasema Kinyaa. "Mama akiuliza harufu ni ya nani, usiseme ni ya gari."