Majina Kabla ya Unga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mita mia mbili chini ya Ziwa Tanganyika, Detlef Brandt alilalamika kwa Kijerumani kwamba chai haina sukari. Chizuru akamjibu kwa Kijapani kwamba sukari aliimaliza yeye mwenyewe jana. Quyen, aliyeketi katikati yao, akawaambia wote wawili kwa Kivietinamu wanyamaze, kichwa kinamgonga. Kila mmoja alimsikia mwenzake kwa lugha ya kwao, papo hapo, kana kwamba wamekulia mtaa mmoja, na ugomvi ukanoga.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mpembuzi. Ulikuwa mtambo wa ukubwa wa kabati la nguo, uliosimama kwenye chumba cha mitambo, na kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake sikioni, kidogo kama punje ya mchele, nacho kiliitwa punje. Mtu akisema neno, Mpembuzi uliyachukua maneno yake, ukatupa makapi, yaani kikohozi, kigugumizi, mikwaruzo na pumzi, kisha ukapeleka maana tupu kwenye punje za wengine kwa sauti moja laini isiyochoka.

Aliyeutengeneza ni Injinia Gwakisa Mwasomola, mtu wa Rungwe, mwembamba, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kuongea na watu. Alitumia miaka sita. Chakula chake alikuwa akikichukua jikoni na kwenda kulia mbele ya mitambo, akiamini kwamba mtambo ukiachwa peke yake hujisikia vibaya. Hakuna aliyemuuliza amelijuaje hilo.

Kambi ile ilikuwa ya ujenzi wa reli ya chini ya maji, kutoka Kigoma kwenda Kalemie. Wapiga mbizi kumi walitoka kila asubuhi wakiwa ndani ya mavazi ya chuma waliyoyaita magamba, wakafunga nguzo za njia, wakarudi saa saba mchana. Na kabla hawajarudi, kulikuwa na Majina.

Majina ilikuwa desturi ya jikoni, na jikoni kulikuwa kwa Bi Restituta Ntakije, mwanamke wa Kasulu aliyekuwepo kambini tangu siku ambayo kambi ilikuwa chumba kimoja kinachovuja. Maji ya ugali yakichemka, alishika kipaza sauti, akaita jina la kila aliye nje. Kila aliyeitwa aliitika "hai". Likiitikwa jina la mwisho, ndipo unga uliingia kwenye maji. Unga haukuwahi kutangulia majina, hata siku aliyokuja waziri.

Neno "hai" aliwafundisha yeye, enzi ambazo hakuna mtambo wala punje, na ndilo neno pekee la Kiswahili ambalo wote walilishika siku ya kwanza. Walilishika upesi kwa sababu kila mmoja alikuwa nalo tayari kwao, likiwa na kazi nyingine kabisa. Kwa Chizuru, "hai" ni ndiyo. Kwa Quyen, ni mbili. Kwa Detlef, Mungu amsaidie, ni papa, yule samaki mwenye meno. Bi Restituta alipoelezwa haya alisema kwamba neno ni dogo na watu ni wengi, lazima wagawane, akaendelea kuchambua maharage.

Mpembuzi haukuwa na moyo mkunjufu kama huo. Katika sentensi ndefu uliweza kutambua mtu anaongea lugha gani, lakini neno moja tupu halina majirani wa kulisaidia, kwa hiyo mtambo ulikisia lugha ya nyumbani kwa msemaji. Taarifa ya kwanza ya Majina iliyopelekwa na Mpembuzi makao makuu ilisomeka hivi: ndiyo, mbili, papa.

Makao makuu wakauliza papa ni wangapi. Injinia akajibu kwamba hakuna papa. Kesho yake taarifa ikasema tena, papa. Juma lililofuata ukashuka wavu wa kuzuia papa, mzito, wa bei mbaya, na Bi Restituta akashukuru sana kwa sababu muda mrefu alikuwa akitafuta kitu cha kuanikia vitambaa vya jikoni.

Kisha ikaja barua isiyo na mzaha. Mkaguzi angeshuka baada ya siku saba. Taarifa ikitoka tena na wanyama ndani yake, Mpembuzi ungezimwa na kung'olewa, na injinia wake angerudishwa nchi kavu.

Gwakisa hakulala vizuri usiku huo, ila asubuhi alikuwa na dawa. Aliuelekeza mtambo kwamba mtu akiitwa jina, kitu chochote atakachojibu kitoke kwa maneno yaleyale: Nipo salama. Hata kipaza sauti cha jikoni, ambacho hadi hapo kilileta sauti halisi za watu, sasa kilipitia mtambo: sauti moja, safi. Juu ya hayo akaweka kipimapigo kifuani kwa kila mpiga mbizi, kidude kinachohesabu mapigo ya moyo na kuwasha taa ya kijani kwenye ubao wa jikoni. Alimweleza Bi Restituta uzuri wa mpango huo kwa dakika ishirini. Naye alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu.

"Injinia," akasema, "watu wangu kumi umewafanya mtu mmoja."

Mkaguzi Kileo alishuka siku ya saba, mtu mkubwa wa mwili, ambaye hakuwa amekula kitu tangu jana yake kwa kuhofia kichefuchefu ndani ya kapsuli ya kushukia. Alipofika chini hakuwa na kichefuchefu hata chembe. Alikuwa na njaa. Akapelekwa moja kwa moja jikoni kushuhudia Majina, na huko alikuta migebuka, samaki wa ziwa hilo, ikiungwa kwa mawese. Tangu hapo macho yake yalikuwa kwenye ubao wa taa, lakini pua haikuwa kazini.

Saa saba kasoro maji yalichemka. Bi Restituta akaita majina kumi. Mara kumi ile sauti laini ikajibu, nipo salama. Taa kumi zikawaka kijani. Kileo akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake, na kwa uso wake kilikuwa kitu kizuri. Gwakisa akaanza kupumua kama mtu.

Bi Restituta akafunika sufuria ya maji. Unga ulibaki kwenye bakuli.

Kileo akauliza kuna nini tena. Akaambiwa kwamba majina hayajaitikwa. Akaonyesha taa. Akaambiwa taa hazili ugali. Gwakisa akaingilia, akaeleza upya habari ya mapigo ya moyo, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, kwa kuwa miaka yake sita ilikuwa imesimama pale ikisubiri unga.

"Mwanangu," Bi Restituta akamwambia, "siku sita hizi sijui nampikia nani. Hebu niambie wewe, aliyejibu wa nne alikuwa nani?"

Gwakisa akakohoa. Akatazama ubao. Kwa hesabu ya majina alijua wa nne ni Detlef, lakini kwa kusikia hakujua. Angeweza kuwa yeyote. Ungeweza kuwa Mpembuzi wenyewe unajijibu. Wazo hilo halikuwahi kumjia katika miaka sita, na sasa lilimjia mbele ya mkaguzi. Kuzima mtambo ilikuwa sawa na kumpa Kileo kalamu amalize kazi. Tumbo la Kileo likanguruma, wote wakalisikia, hakuna aliyelitafsiri.

Akaenda chumba cha mitambo, akauzima.

Jikoni kukajaa mikwaruzo, mapovu na pumzi za watu kumi walio gizani majini. Makapi yote yakarudi kwa mpigo. Bi Restituta akasogeza kiti, akakaa karibu na kipaza sauti.

"Chizuru."

Kwanza ukasikika mlio wa gamba likikunjwa kiunoni, kwa sababu kwao neno hilo ukimwambia mkubwa unainama, na Chizuru aliinama hata ndani ya chuma. Kisha, "Hai."

"Quyen."

"Hai, ba." Mbili, tatu. Tangu siku ya kwanza alisema hawezi kuanza hesabu na kuiacha ikining'inia.

Wa tatu akaitika kwa mluzi wake. Bi Restituta akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Detlef."

"Hai."

Upesi, vizuri, sawasawa. Kileo akatazama bakuli la unga kwa matumaini. Bi Restituta alikuwa amesimama.

"Quyen, mfuate Detlef. Mlete sasa hivi."

Punje zilikuwa kimya, hakuna wa kutafsiri, lakini Quyen alijua majina mawili na aliijua sauti ile. Hakuuliza. Kileo akasema taa ya nne ni ya kijani, mapigo sabini na nane, tena mtu mwenyewe amejibu.

"Hajacheka," akasema Bi Restituta.

Kwa miaka mitatu, kila siku saa saba kasoro, Detlef alikuwa ameulizwa kama yu hai na kujibu kwamba yeye ni papa, na kwa miaka mitatu hakuweza kulisema bila kucheka puani kwanza. Aliwahi kucheka akiwa na malaria. Alicheka siku aliyopata habari ya msiba wa shangazi yake, akalia baadaye.

Walimwingiza baada ya dakika tisa. Chujio la pumzi la gamba lake lilikuwa limelowa, na tangu saa tano alikuwa akivuta hewa yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Moyo ulidunda vizuri tu, kichwa ndicho kilichokuwa kinaondoka. Walipomvua kofia ya chuma alikuwa akimweleza Quyen, kwa upole, kwamba wafunge geti, mbuzi wa shangazi watatoka. Robo saa nyingine na moyo nao ungefuata mbuzi.

Gwakisa alisimama mlangoni. Aliona haya, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, maana siku sita mfululizo kicheko kile kilipita mikononi mwa mtambo wake, na yeye ndiye aliyeuagiza ukitupe.

Majina yaliyobaki yalipoitikwa, ugali ulisongwa, saa tisa. Kileo alikula sahani tatu, akafuta alichoandika, akaandika upya: mtambo ubaki kwa maongezi na ugomvi, wakati wa Majina uzimwe. Chini yake akaongeza kwamba wavu wa papa usirudishwe, unatumika.

Kesho yake Gwakisa alivaa gamba kwa mara ya kwanza, akatoka na wenzake kukagua machujio yote, moja baada ya jingine, kwa mikono yake. Saa saba kasoro alisikia majina yakiitwa. Gamba la Chizuru likalia. Quyen akahesabu. Detlef, aliyekuwa kitandani lakini akaitwa vilevile, akacheka puani akiwa hukohuko. Majina yakafika kumi, na Gwakisa akaanza kukusanya vifaa vyake, kwa sababu katika miaka yote hiyo orodha iliishia hapo.

"Gwakisa."

Hakuwahi kuitwa. Akakohoa kidogo.

"Hai."

Akasikia unga ukimiminwa kule jikoni.

"Haya," akasema Bi Restituta. "Kesho ukohoe hivyohivyo. Na sahani yako iko mezani, usiibebe kwenda popote."