Mkongojo wa Bibi

Uvumi ule niliusikia kwa muuza tambi hapa Fugu, mji wetu wa China: eti viwandani siku hizi wanachanganya magnesiamu na takataka nyingine ili wapate faida, ndiyo maana vitu vinavunjika. Sikuweza kuutoa kichwani. Jioni nikausema mezani, mbele ya binti yangu Cuiping, wa miaka kumi na miwili.

Baoshan, mume wangu, ni fundi wa kuyeyusha magnesiamu, metali nyepesi kuliko alumini. Wiki hiyo alikuwa anamtengenezea mama yake mkongojo mwepesi, maana nyumba yetu imechimbwa kilimani na ngazi zake ni kali.

Siku mbili baadaye, asubuhi, mkongojo ulikuwa tayari. Mama mkwe akaushika, akaelekea ngazini.

"Umebeba mchanganyiko mzuri huo, Mama," Baoshan akajisifu. "Ingekuwa magnesiamu tupu nisingekupa."

Kijiko cha Cuiping kikaanguka kwenye uji. "Bibi, usishuke! Nilibadilisha!"

Mama mkwe akasimama kabla ya ngazi ya kwanza.

"Nilichukua fimbo ya magnesiamu tupu kule kibandani kwa Baba, nikaipaka alama ya buluu ya mchanganyiko," akalia. "Mama alisema mchanganyiko ni takataka. Nilitaka Bibi apate safi."

Baoshan hakugomba. Aliuchukua mkongojo, akaubana kwenye jiliwa la kubania vyuma, akauvuta kwa nguvu. Tak! Ukakatika.

"Tazama humu ndani. Unaona nini?" akamuuliza Cuiping.

"Chembe kubwa zinameta. Kama chumvi ya mawe."

Kisha akaibana fimbo ya mchanganyiko. Akavuta, ikapinda kidogo tu. Akaipiga nyundo mpaka jasho likamtoka, ndipo ikakatika. Humo chembe zilikuwa laini kama unga.

"Tupu ikipoa, chembe zake hukua kubwa, na ufa unapita kirahisi," akasema. "Ukitia alumini na zinki kidogo, chembe hubaki ndogo. Ufa unakwama kwenye kila mpaka wa chembe. Sehemu ya alumini na zinki hiyo huyeyukia ndani ya chembe zenyewe na kuzikaza."

"Basi si tujaze alumini?"

"Ukizidisha, inaganda mipakani kama ukoko, fimbo inakatika kama biskuti. Kazi ni kipimo."

Mama mkwe akacheka. "Miaka sabini na minane uji wa mkwe wangu haujaniua, leo niuawe na fimbo?" Akamvuta Cuiping kifuani. "Umekosea, mjukuu wangu, lakini umesema nikiwa bado nimesimama. Ukweli wa mapema ndio ulioniokoa."

Nilicheka huku nalia. Jumapili mkongojo mpya ulishuka ngazi zote, na mama mkwe akiuegemea.

Ninyi mnaosoma, epukeni haya:

Kueneza uvumi kabla ya kumuuliza anayeijua kazi.
Kudhani kilicho tupu ndicho imara.
Kuzidisha kipimo.
Kugusa vyuma au alama za fundi bila ruhusa.
Kumwagia maji magnesiamu inayowaka. Moto wake huzimwa kwa mchanga mkavu; maji huukoleza.
Kungoja mtu aanguke ndipo mseme mlichofanya.